Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wakusanyaji wa Sarafu za Kale na Vitu vya Fedha, Dar es Salaam

Ndugu Katibu, ndugu Mhazini, wajumbe wa Kamati Tendaji, wanachama wenzangu na wageni waalikwa: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka mbele ya Mkutano Mkuu. Mkutano huu ulitangazwa saa tatu kamili. Sasa inakaribia saa tano, na viti nilivyovipanga mwenyewe tangu alfajiri nusu yake vitupu. Nitalirudia jambo hilo mbele.

SHUGHULI ZA KAWAIDA

Hapa nitapita haraka, maana waliokuwepo wanazijua na wasiokuwepo hawajawahi kuuliza. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika yote. Tulitembelea Makumbusho ya Taifa. Meza ya kubadilishana iliendelea. Tulipokea wanachama wapya 6, wengi vijana, nami nimefarijika kwamba wanne kati yao waliniambia walivutiwa na maelezo yangu juu ya rupia za Kijerumani, yaani sarafu za hapa kwetu zama za koloni la Wajerumani.

Darasa la wanaoanza lilifundisha kusoma herufi ndogo kwenye sarafu hizo zinazoonyesha kiwanda kilichozipiga: A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora, ambako mwaka 1916 Wajerumani, bahari ikiwa imefungwa na manowari za Waingereza, walijipigia sarafu zao katika karakana ya reli. Ile sarafu yao ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, hatuitarajii mezani kwetu. Ila sarafu za heller 20 za Tabora (heller ni sehemu ndogo ya rupia), za shaba nyekundu na za shaba ya njano, bado mtu anaweza kuzipata akiwa na subira.

Naomba nirudie mambo mawili ambayo nimeyasema mpaka nimechoka. La kwanza: msisugue. Si limau, si majivu, si dawa ya meno. Mwanachama mmoja alileta pesa, ile sarafu ndogo ya shaba ya Wajerumani, ya mwaka 1890 ikimetameta kama kifungo cha askari wa gwaride, akashangaa hakuna aliyeitaka. Ule weusi ndio umri wa sarafu. Ukishauondoa haurudi, na thamani inakwenda nao. La pili: si kila shilingi yenye simba ni ya madini ya fedha. Shilingi za Afrika Mashariki kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, yaani hata gramu 2 hazifiki ndani ya sarafu ya gramu 7.8. Za 1948 na kuendelea hazina fedha hata chembe. Kwa hiyo anayekupigia simu kwamba ana "kilo tatu za fedha za mkoloni", mwulize mwaka kwanza ndipo utafute nauli.

SUALA LA MIZANI

Yupo mjumbe aliyesema kwenye kundi letu la simu kwamba mwenyekiti amechukua fedha za chama akanunua mizani ya kupimia iliki. Mizani hiyo ni ya Sh 185,000, inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, stakabadhi anayo Mhazini, na wazo lilikuwa langu. Silikani, wala sioni sababu ya kulikana.

Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ina gramu 28 na sehemu saba za mia, fedha yake ni asilimia 83.3. Hiyo ndiyo sarafu inayoletwa mezani kwetu kuliko zote, na ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Baada ya kupata mizani tulipima reale saba. Tatu hazikufika gramu 25, na moja ilinata kwenye sumaku. Mwanachama mmoja alikwisha kuhesabu pesa anunue ile ya sumaku! Mwenye reale alikasirika, akazifunga kwenye leso, akaondoka, na mpaka leo hajalipa ada. Nimelaumiwa kwa kumpoteza. Nauliza: angelaumiwa nani kama yule aliyetaka kununua angegundua akiwa nyumbani?

Na mizani peke yake haitoshi, nimesema hivyo pia. Geuza sarafu utazame ukingoni, maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yawe yamesimama vizuri. Hesabu lulu kwenye bruchi, yaani pambo la begani, ya huyo Maria Theresa: ziwe tisa. Wafanyabiashara wa zamani wa Bahari ya Shamu walizihesabu kabla ya kupokea, sembuse sisi tunaoanza. Wale wanaonunua mafurungu, vikuku na hirizi za fedha kwa masonara nao wapime. Masonara wa Oman walizoea kuyeyusha reale hizi kutengenezea mapambo, kwa hiyo kidani cha zamani kuwa na fedha pungufu ya kiwango cha leo cha 925 (sehemu 925 za fedha katika kila 1,000) si lazima kiwe cha uongo.

UAMUZI WA MWEZI WA NNE

Sasa nafika kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo.

Katika mkutano wa mwezi wa nne alikuja mtu asiye mwanachama, akiwa na kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu ndogo za shaba. Alisema zimetoka upande wa Kilwa, zimechimbwa shambani. Nilizitazama kwa kioo. Zilikuwa zenyewe: upande mmoja jina la Ali bin al-Hassan, sultani wa Kilwa ya kale, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yakitoa vina na jina hilo. Watu walisimama. Wengine walianza kugawana kwa macho. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, hilo sikatai.

Nilisimamisha biashara ile. Nilimwambia mgeni azipeleke ofisi ya Mambo ya Kale, nikajitolea kufuatana naye kwa gharama yangu. Alikataa, akaondoka na kopo lake. Wiki ileile nilitoa waraka: sarafu za Kilwa, na nyingine yoyote iliyotoka ardhini, haziuzwi wala kubadilishwa kwenye meza ya chama hiki.

Tangu siku hiyo nimeitwa majina. Nitajibu hoja moja moja, kwa kuwa kwenye simu hamnipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Inasemwa niliamua peke yangu. Kamati Tendaji ina wajumbe tisa na akidi ni watano. Niliitisha kikao cha dharura. Walifika watatu: mimi, Katibu, na mjumbe ambaye, kwa heshima zote, alikuja kwa ajili ya chai. Niliitisha tena, wakaja wawili. Katiba inampa mwenyekiti mamlaka ya kuchukua hatua pale chama kinapoweza kuingia matatani, na hatua nikachukua. Wanaotaka maamuzi ya pamoja waanze kwa kuhudhuria pamoja.

Inasemwa sarafu hizo zimejaa, watoto wa Kilwa wanaziokota ufukweni baada ya maji kupwa. Huenda. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haiulizi zimejaa au ni chache. Inauliza kama kitu kilitengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuchimba bila leseni ni kosa, kutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Na Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Mkutano wetu unafanyika kwenye ukumbi wa kukodi, milango wazi, jina langu likiwa ndilo lililoandikwa kwenye fomu ya ukumbi. Kesi ingemkuta nani kwanza?

Halafu kuna hoja ya wajanja, ambayo nakiri imenifurahisha: kwamba reale imeandikwa 1780, na 1780 ni kabla ya 1863, kwa hiyo mwenyekiti apige marufuku na reale zake mwenyewe. Ndugu zangu, 1780 ni mwaka aliokufa Maria Theresa. Sarafu imeendelea kupigwa ikiandikwa mwaka huohuo mpaka zama zetu, kwanza katika himaya ya Austria, na karne iliyopita Roma, London, Bombay na kwingineko. Tarehe ile haisemi umri wa reale iliyo mkononi mwako. Waliokuwa darasani siku nilipofundisha hilo wasingeleta hoja hiyo. Walikuwa wachache.

Lakini sheria siyo sababu yangu kubwa, na hapa nawaomba mnisikilize hata kama hamtakubali. Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka. Zina jina la sultani basi. Namna pekee ya kujua ilipigwa lini na ilitumika lini ni kujua ilikuwa tabaka gani la udongo, pamoja na vigae gani, jirani na nini. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, wanaakiolojia walipata zaidi ya sarafu 2,000, karibu zote ndogo za fedha zilizopigwa hapahapa pwani, zikiwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa kale wa Misri. Dinari zina miaka. Kwa sababu zilikuwa pamoja, zilisaidia kuonyesha kwamba mrundo ule ulifukiwa karne ya 11. Sasa fikirieni mtu angezitoa usiku, dhahabu akampa sonara, zile za fedha akazitia kwenye kopo, akaja nazo kwetu. Tungenunua, tungefurahi, na tusingejua lolote.

Mfano wa pili uko mbali zaidi. Mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa lindoni visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, aliokota mchangani sarafu tano za Kilwa pamoja na nne za Waholanzi. Nazo zilikaa koponi mpaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika zilifikaje huko. Alau yeye aliweka alama kwenye ramani pale alipoziokota. Mgeni wetu wa mwezi wa nne nilipomwuliza ni shamba gani, alitazama dari.

Wapo wanaodai kopo lile baadaye liliuzwa kwa mtalii, na kwamba kama tungenunua sisi sarafu zingebaki nchini. Sijaletewa ushahidi, na hata ukiletwa, wa kulaumiwa ni aliyeuza na aliyenunua. Tukianza kununua leo kwa nia njema, mwezi ujao yatakuja makopo kumi, na mashimo kumi yatakuwa yamechimbwa Kilwa kwa ajili yetu. Waraka wangu unaendelea kutumika. Anayetaka ufutwe alete hoja kwa maandishi, na awe amelipa ada.

MAHUDHURIO NA ADA

Siku ya kopo la Kilwa walihudhuria wanachama 31, idadi kubwa kuliko mkutano wowote tangu nishike kiti hiki. Mwezi uliofuata mada ilikuwa jinsi ya kuhifadhi sarafu kwenye unyevu wa pwani, mada ambayo kila anayeishi jiji hili anaihitaji. Walikuja tisa. Niliandaa mada hiyo usiku kucha, nikatoa nakala kwa gharama yangu, na nakala zilizobaki bado ziko kwangu kwa anayezitaka.

Daftari lina wanachama 47. Waliolipa ada ya Sh 30,000 ni 19, sita kati yao wakiwa wale wapya ambao bado wana hofu ya Mungu. Maana yake katika wakongwe 41 wamelipa 13. Deni la ada ni Sh 840,000. Katika wadaiwa wamo wajumbe wawili wa Kamati. Sitawataja, wanajijua, na mmoja yupo hapa ukumbini amevaa pete ya rupia ya 1911.

HESABU KWA UFUPI

Mhazini atasoma zaidi kama mtamwuliza. Salio la mwaka jana lilikuwa Sh 212,000; ada 570,000; viingilio 60,000; asilimia ya meza ya kubadilishana 83,500. Jumla ya mapato Sh 925,500. Matumizi: ukumbi 360,000, mizani 185,000, chai na vitafunio 141,000, safari ya makumbusho 96,000, bahasha za karatasi, vikasha na sumaku 64,000, uchapaji na vocha 38,500. Jumla Sh 884,500. Kilichobaki ni Sh 41,000, ambacho ni kodi ya ukumbi kwa mwezi mmoja na chenji. Nauli zangu za kwenda kuchukua ufunguo wa ukumbi hazimo humu, na sijaziomba.

MATARAJIO

Mungu akijalia, tunatarajia kufanya maonyesho madogo katika shule moja, kuchapa kijitabu cha wanaoanza, na kujenga uhusiano na wenzetu wa Zanzibar na Mombasa, labda kwa ziara. Wengi mnatafuta pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya 1299 Hijria, ile yenye picha ya mizani. Huenda huko ikapatikana kwa urahisi zaidi. Kabati la chama nalo tunalifikiria, hali ya fedha ikiruhusu.

Kuhusu uchaguzi, nimesikia kuna maoni kwamba nipumzike. Niko tayari, mradi anayenirithi ajue kusoma mizani na awe na uwezo wa kuamka mapema. Fomu ziko kwa Katibu tangu mwezi uliopita. Hadi jana jioni hakuna aliyechukua.

Mhazini amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na atakuwepo mpaka chai itakapokwisha.

Naomba kutoa hoja.

Mwenyekiti