Kabla ya kuuliza kadi ya picha ni GB ngapi, fungua kesi ya kompyuta

"Mna kadi ya GB 4?" Hilo ndilo swali tunaloulizwa zaidi dukani, na kadi yenyewe ni ya picha (graphics card), ile inayochora kinachoonekana kwenye skrini. Anayeuliza mara nyingi ana Dell OptiPlex au HP Compaq ya mtumba, ile nyembamba, yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha pili au cha tatu. Anahariri video za harusi, au anasomea usanifu majengo na mchoro wake unakwama kila akiuzungusha, au ni kijana wa gemu. Nasi humrudishia swali: pawa saplai yako, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, ni ya wati ngapi? Wengi hawajawahi kuitazama, na hatuwalaumu, maana siku ya kununua mashine hakuna aliyewaeleza.

Chukua OptiPlex 7010 nyembamba. Pawa saplai yake ni ya wati 240, na haina ule waya wa pini 6 wa kulishia kadi kubwa. Kwa hiyo kadi itapata umeme wake wote kwenye sloti ya mazabodi, na sloti hiyo, hata ikiwa ile ndefu ya kadi za picha (PCIe x16), mwisho wake ni wati 75. Kadi kama GTX 1060 inataka wati 120. RX 580 inataka 185. Tuliwahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe alipata RX 580 kwa bei poa, fundi akamuungia umeme kwa adapta kutoka kwenye nyaya za diski. Ilikuwa ikiwaka vizuri, video zikicheza, lakini kila akianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inazima papo hapo. Tulipofungua tukakuta plagi ya adapta imeanza kuyeyuka. Tafadhali sana, usikubali kufungiwa hivyo. Ikishika moto, haitaungua kadi peke yake.

Kesi nyembamba pia inachukua kadi ya nusu kimo (low profile) tu, yenye kibati kifupi cha nyuma. Kadi nyingi za mtumba hufika na kibati kirefu, kile kifupi kimeshapotea njiani. Uliza kabla hujalipa.

Sasa turudi kwenye hizo GB, yaani ukubwa wa kumbukumbu ya kadi. Ipo GT 730 ya GB 4, na ipo GTX 750 Ti ya GB 2. Mteja akiziona zimepangwa pamoja anachukua ya GB 4, na hapo ndipo anapoumia. GT 730 yenye kumbukumbu ya aina ya DDR3, inayouzwa sana, hupitisha data kama GB 14 kwa sekunde. 750 Ti hupitisha GB 86. Ni kama simtanki la lita 5,000 lililofungwa bomba la nusu inchi: maji yapo, ila ndoo haijai. Hata jina moja linaweza kubeba kadi mbili tofauti. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, mwaka uliofuata ikaja nyingine yenye DDR4, na hiyo ya pili kasi ya kumbukumbu yake ni kama theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Sanduku linafanana, jina lile lile.

Kwa wahariri wa video kuna jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. GT 1030 haina kabisa sehemu ya kusimba video (encoder), yaani kuibana iwe faili la mwisho, kwa hiyo wakati wa kutoa kazi prosesa yako ya zamani inabaki kubeba mzigo wote. Ndiyo maana kwa kesi nyembamba tunapenda Quadro P620 au P1000. Zimetoka kwenye kompyuta za maofisini, ni za nusu kimo, zinatumia wati 40 na 47, na sehemu hiyo zinayo. P1000 ina GB 4, kwa anayezitaka kweli. Kesi ikiwa kubwa na pawa saplai ni nzima, GTX 1050 Ti isiyo na plagi ya umeme ni chaguo zuri pia, kwa sababu inaishia kwenye zile wati 75.

Mwenye monita ya VGA, ile ya plagi ya zamani ya pini 15, asikilize hapa. Kadi hizi za Quadro zina matundu madogo ya DisplayPort tu, na familia nzima ya GTX 10 haitoi VGA. Utahitaji adapta yenye chipu ndani yake, si kile kiplagi cha bei rahisi cha kugeuza DVI. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hilo la VGA linasaidia pia kukamata feki. Ukionyeshwa "GTX 1050 Ti" yenye tundu la VGA, iache. Mara nyingi ndani yake ni GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011 iliyobadilishwa jina kwenye BIOS yake, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi. Windows italisoma hilo jina la uongo bila wasiwasi, lakini draiva ya kweli (programu inayoiendesha kadi) ikiwekwa inagoma. Programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure, huzitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Sisi huifungua mbele ya mteja, kisha tunaipiga kadi mzigo kwa dakika 20 huku tukitazama joto na skrini. Kadi iliyokufa ikapashwa moto ili ifufuke hupita dakika tano za kwanza bila shida, kwa hiyo usiridhike na kuona desktop tu.

Kuhusu draiva: maboresho ya gemu kwa 750 Ti na GTX 10 yalikoma Oktoba 2025, na yamebaki ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa kuhariri na kuchora hilo halizuii kazi.

Na kama mashine yako ina RAM ya GB 4 na diski ile ya kuzunguka, tutakwambia uweke SSD na uongeze RAM kwanza. Kadi tutakuuzia mwezi ujao.

Ukitaka tukushauri kabla hujatoka nyumbani, piga picha tatu ututumie: lebo ya pawa saplai, sloti za mazabodi kesi ikiwa wazi, na matundu ya nyuma ya monita. Zima mashine na uchomoe waya wa ukutani kwanza.