Ngoma zitoke stoo, ziingie kipindi cha sayansi

Ndugu Mhariri,

Shuleni kwetu, hapa Ilemela, kuna ngoma tatu, manyanga na zeze moja. Mwaka mzima vinakaa stoo pamoja na majembe, vinatoka siku akija mgeni rasmi. Mimi nafundisha sayansi darasa la tano, na ninachoomba ni ufunguo tu.

Muhula uliopita tulifika mada ya sauti. Watoto wakaitikia kwa pamoja, bila kukosea hata silabi, kwamba sauti hutokana na mtetemo. Mtetemo ni nini? Kimya. Kesho yake nikaazima ngoma moja, nikamwaga punje za mchele juu ya ngozi, nikapiga. Mchele ukaruka. Sikuhitaji kuuliza tena.

Ila ngoma yenyewe ililia vibaya, maana usiku mvua ilinyesha na stoo inavuja. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwenye mitihani huwa wa mwisho mwisho, akasema, "Mwalimu, hiyo imelegea, tuipeleke jikoni ikaote moto." Babu yake ni mcheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma. Tukaipeleka kwa mama anayepika uji. Iliporudi ilikuwa inalia juu, na yeye ndiye aliyewaeleza wenzake: ngozi ikinyonya unyevu hulegea, sauti inashuka, ikikauka hukaza, sauti inapanda. Mimi nilikaa kimya, nikafurahi.

Chupa za soda ndizo zilizotutoa jasho. Tulizitia maji kwa viwango tofauti. Ukiigonga kwa kijiko, yenye maji mengi hutoa sauti nene. Ukiipuliza mdomoni, hiyo hiyo hutoa sauti nyembamba! Darasa likagawanyika, wengine wakadai nimewachezea mazingaombwe. Wakabishana mpaka wakafika wenyewe: ukigonga, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji yanayokilemea, ukipuliza, ni hewa iliyobaki juu, nayo ikiwa fupi hutetemeka upesi. Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyekimbilia nje. Anayefundisha watoto wa umri huo ananielewa.

Wapo wenzangu wanaosema nao wanachanganya muziki na sayansi, kwa kuwa wamewaimbisha watoto majina ya sayari. Siwabezi, wimbo unasaidia kukumbuka. Lakini huko bado ni kukariri, tofauti ni kwamba kuna kiitikio.

Nilipoomba ngoma mara ya pili nilinyimwa. Nikaambiwa kelele zinasumbua darasa la saba, na ngozi ikipasuka mgeni atapokelewa na nini? La darasa la saba ni haki yao. Tutakwenda ufukweni, ambako fundi wa mitumbwi akigonga msumari kwa mbali unaona nyundo ikitua kabla hujasikia mlio, kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi tu kwa sekunde. La ngozi, kusema kweli, limenichekesha. Usukumani tukose ngozi ya ng'ombe na mtu wa kuiwamba?

Ngoma za watemi wa Kisukuma zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Bujora, na hapo ndipo mahali pake. Hizi zetu si za makumbusho. Naomba wanaosimamia elimu mkoani waziandike rasmi kuwa vifaa vya kufundishia sayansi, ili mwalimu asizipate kwa hisani.

Mwalimu wa darasa la tano,
Ilemela, Mwanza