Mama ananiita Dokta, na mimi si daktari

Anti, shikamoo.

Nakusoma kwa muda mrefu, na sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa miongoni mwa wanaokuandikia. Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili. Naishi Morogoro, ila kwetu ni Rungwe. Nasimamia stoo ya dawa kwenye kampuni ya watu binafsi. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaninyooshea kidole.

Mwaka 2008 nilichaguliwa kusomea udaktari Dar es Salaam. Kwenye ukoo wetu hakuwahi kutokea mtu wa chuo kikuu, sembuse daktari. Baba akauza ng'ombe wawili wa maziwa ili niende na godoro, sanduku na nauli. Mwaka wa kwanza nilikula sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, nikapenya. Mwaka wa pili nikadisco, yaani nikaondolewa chuo kwa kufeli. Waliopita chuo wanalijua neno hilo: unasoma namba yako kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na jioni hiyo hiyo unajiuliza godoro utalipeleka kwa nani. Sikurudi nyumbani. Nilimpigia baba nikamwambia masomo yanaendelea vizuri. Nilijiambia ni uongo wa mwezi mmoja tu, nikijipanga nitasema.

Mwezi huo mpaka leo haujaisha.

Baba alifariki 2012. Asubuhi ya maziko mjomba alinipa karatasi ya wasifu wa marehemu niipitie, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Ilikuwa imeandikwa kwamba ameacha mjane, watoto sita, na mmoja wao anamalizia udaktari. Nilirekebisha koma mbili nikamrudishia. Kaburini mvua ya Tukuyu ikaanza, na ile haina adabu hata kwa wafiwa. Wino ukawa unachuruzika kwenye karatasi, nami naomba kimoyomoyo ule mstari ulowe kabla mjomba hajaufikia. Aliufikia. Watu wote wakageuka kuniangalia.

Baadaye nilisoma stashahada ya famasia, nikafaulu vizuri tu, nikapata kazi. Kuanzia hapo uongo haukunipa taabu tena, maana kwetu kila anayefanya kazi inayonukia dawa ni dokta. Tabibu wa zahanati ni dokta, nesi wa kiume ni dokta, hata kijana wa duka la dawa ni dokta. Mke wangu mwenyewe alikuwa akisikia mama ananiita Dokta, akidhani ni mambo ya kijijini tu. Mama kaitundika sebuleni picha yangu ya mwaka wa kwanza nikiwa na koti jeupe, pembeni ya kalenda ya kanisa. Nikienda likizo majirani wanakuja na bahasha za eksirei. Nazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, natikisa kichwa kidogo, nawaambia waendelee na dawa walizopewa hospitali. Mungu anisamehe.

Mimi peke yangu ndiye nilikuwa sisahau. Kila mwisho wa mwezi, kwenye karatasi ya mshahara, Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15. Ni haki yao, hela niliichukua na boom, ile posho ya mkopo, nililila. Ila jaribu kulipia kila mwezi shahada ambayo huna, Anti, uone kama utalala.

Kilichonivunja ni mambo ya Februari mwaka huu. Mama ana presha, na dawa aliyopewa ikamvimbisha miguu. Akanipigia. Nilikuwa stoo, gari linashusha mzigo, nikamjibu haraka haraka: "Pumzika nayo siku mbili tatu mama, nitakupigia." Dawa ile kweli huvimbisha miguu, hilo nalijua. Lakini mimi si mtu wa kumwambia mgonjwa aache dawa, na hilo nalijua zaidi. Sikumpigia. Yeye akaacha moja kwa moja. Dada yangu alipomsihi arudi hospitali alijibiwa kwamba daktari wake ameshasema. Aprili akaanguka bafuni. Walipompima presha ilikuwa 198 kwa 110. Alipona, mdomo haukupinda, mkono haukufa. Mimi ndiye sikupona. Usingizi uliniacha, chakula kikawa kama pumba, nikawa nakaa ndani ya daladala mpaka inafika mwisho wa njia na kugeuza.

Rafiki mmoja wa kazini akanielekeza kwa dada mmoja mwanasaikolojia hapa mjini. Mke wangu aliposikia akasema, "Watu watasema mume wangu anapelekwa Mirembe." Nikamwambia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni Dodoma, mimi napanda bodaboda ya buku mbili. Hatukucheka sana.

Siku ya kwanza alinipa fomu ya maswali tisa, yanauliza hali yako ya wiki mbili zilizopita, na kila swali unajipa alama kuanzia 0 hadi 3. Nilipata 17 kati ya 27, na huko alama zikiwa nyingi ndivyo hali ilivyo mbaya. Swali la tisa linauliza kama umewahi kufikiri ni heri ungekufa. Nilishika kalamu muda mrefu. Sikuwa nimepanga kujidhuru, ila kuna asubuhi nilitamani nisingeamka. Yule dada hakushtuka wala hakunihubiria. Aliniuliza taratibu, akanitajia mtu wa kumpigia usiku yakizidi, ndipo tukaendelea.

Niliingia nikitegemea kupewa dawa au maneno ya faraja. Badala yake nikapewa kazi za nyumbani. Nilinunua kauntabuku, nikawa naandika: nini kimetokea, wazo gani limekuja, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga. Mwanzoni ule upande wa kupinga ulikuwa mweupe kabisa. Siku moja akachora duara kubwa kama chapati. "Kaka, hii ni sababu yote ya kudisco kwako. Hebu tumkatie kila mhusika kipande chake, wewe ukae mwisho." Nikaona mchezo wa watoto. Lakini nilivyoanza kukata: baba alilazwa muhula ule nikawa nasafiri kila mara kwenda Mbeya, boom lilichelewa nikauza vitabu, nilizoea kukariri kama sekondari na anatomia haikaririki yote, halafu hata huo udaktari sikuutaka, nilikuwa na PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na kila mtu akasema basi ni daktari. Nilipofika kwangu kilibaki kipande kama robo hivi. Robo yenyewe naijua: baada ya zile sapu za kwanza sikumwomba mtu yeyote msaada. Miaka 15 nilikuwa naila chapati nzima, Anti.

Nimeshakwenda mara 14, elfu thelathini kila safari, na kuna mwezi nimekosa hela nikaruka. Fomu ile ile mwezi uliopita ilitoa 8. Nalala. Juzi nimemsaidia mwanangu hesabu za darasa la sita, akakosea, wala sikujiona mimi mwenyewe ndani ya lile kosa. Kabla ya hapo nilikuwa namfokea mpaka mama yake anaingilia. Mke wangu sasa ndiye anayenikumbusha siku ya miadi.

Sasa tatizo langu. Huko ndani nimejifunza kutenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevifunga kamba moja. Kufeli mtihani ni jambo lililonipata, na nimeanza kulisamehe. Kudanganya ni jambo nililolifanya, na bado nalifanya kila mama akipiga simu akasema "Ndaga, Dokta" nami nikaitika. Nilimwomba yule dada aniambie la kufanya. Akasema, "Siwezi kukuamulia, kaka. Naweza kukaa na wewe ukiamua." Nimemlipa elfu thelathini anirudishie swali langu! Nikaudhika, ingawa najua ana haki.

Desemba hii mama ameandaa ibada ya shukrani kwa kupona kwake. Ana miaka 74. Ameshaongea na mchungaji kwamba mwanawe daktari ndiye atakayesimama kushukuru kwa niaba ya familia, na ameniagiza nije na koti jeupe. Tiketi ya basi nimeshakata.

Nilimweleza kaka yangu mkubwa kila kitu mwezi wa tisa. Ni yeye na mke wangu tu wanaojua. Kaka alinyamaza, kisha akasema yeye alikuwa anahisi tangu 2013, pale wenzangu walipomaliza nami sikuita mtu kwenye mahafali. Msimamo wake ni kwamba nimwache mama aondoke na furaha yake. Nikimwambia sasa presha itapanda, na akianguka tena nitamweleza nani. Mke wangu anasema kinyume chake, kwamba ni huo udaktari wa bandia uliomwangusha mara ya kwanza. Kila mmoja akizungumza namwona ana ukweli.

Kwa hiyo, Anti, naomba unishauri. Nimwambie au nikae kimya? Kama ni kumwambia, ni kabla ya ibada, sisi wawili jikoni anapomenya ndizi, au nimtangulize mchungaji? Na je, nimwombe msamaha pia kwa niaba ya marehemu baba, au hilo nilipeleke peke yangu kwenye kaburi lake? Kuna usiku nimejaribu kuliandika kwenye lile kauntabuku, kwa Kinyakyusa, jinsi nitakavyoanza. Kila mara naishia kwenye "Mama," halafu kalamu inasimama.

Tafadhali nijibu kabla ya tarehe 20 Desemba. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Mimi,
Mtoto wa Nne, Morogoro