Malalamiko: programu ya kuhariri video mliyoniuzia

Meneja wa Mauzo,
Duka la Kompyuta na Programu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Jumamosi napiga video za harusi. Miezi miwili iliyopita nilinunua kwenu programu ya kuhariri kwa shilingi 180,000. Kabla ya kulipa nilimweleza kijana wenu wa kaunta kwamba kompyuta yangu ina memori ya GB 8, narekodi kwa simu mbili, na nataka leseni ya kudumu maana kulipia kila mwezi siwezi. Akanijibu, "Mwalimu, hii inabeba kila kitu."

Haikubeba. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Hupanda na kushuka, hasa mwanga wa ukumbi ukififia. Programu yenu hailimudu hilo. Wageni wakiingia, sauti na midomo vinakwenda pamoja. Ikifika zamu ya ndafu, watu wanacheka MC hajafungua mdomo. Nikasawazisha kipande kwa kipande, wiki tatu, nikitoka kusahihisha madaftari.

Siku ya 31 leseni ya kudumu ikafa. Kumbe mliniuzia toleo la majaribio! Video ikatoka na nembo katikati ya picha, na pale bwana harusi anapomlisha mkewe keki, nembo imemfunika bibi harusi uso mzima. Mama yake hunipigia kila jioni. Namsingizia TANESCO, na sipendi kumdanganya mtu mzima.

Nilipowapigia, mkaniambia ninunue kompyuta ya GB 16. Nembo na memori vinahusianaje? Sasa naianza kazi upya kwa Kdenlive, programu ya bure, inayotengeneza nakala nyepesi za video ili mashine ndogo isikwame wakati wa kuhariri. Mashine ni ile ile. Hilo dukani sikuambiwa, na sababu naielewa.

Sitaki punguzo wala programu nyingine. Nataka shilingi 180,000 zangu ndani ya siku 14. Zisiporudi, shauri nitalipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha ya tukio la keki. Faragha ya bibi harusi msiihofie, haonekani.

Mteja wenu,
Mwalimu, Morogoro