Mwanangu, umeuliza nani alianzisha mitala ya Wamormoni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mitala ya Wamormoni, waumini wa dini iliyozaliwa Marekani, ilianzishwa na Joseph Smith, nabii na mwanzilishi wao, au na Brigham Young aliyemfuata katika uongozi. Swali hilo liligawa ukoo mmoja. Mwaka 1852, miaka minane baada ya Smith kuuawa, Orson Pratt, mmoja wa viongozi wa kanisa chini ya Young, alitangaza hadharani huko Salt Lake City, Utah, kwamba ndoa za wake wengi ni agizo la Mungu, na waumini wakasomewa ufunuo kuhusu ndoa hizo, ulioelezwa kuwa wa Smith na kuandikwa Julai 1843. Kilichosomwa kilikuwa nakala. Hati ya kwanza ilikwisha kuchomwa moto, na Young alisema aliyeichoma ni Emma, mjane wa Smith.

Mwana wa Emma, Joseph Smith III, ambaye tangu 1860 aliongoza kanisa jingine lililokataa mitala, alishikilia kwamba baba yake alisingiziwa. Joseph F. Smith wa Utah, mtoto wa baba yake mkubwa, alianza mwaka 1869 kukusanya viapo vya wanawake waliosema waliolewa na nabii huyo. Februari 1879, miezi michache kabla Emma hajafariki, mwanawe alimhoji, naye akajibu kwamba mumewe hakuwa na mke mwingine na ufunuo huo haukuwapo. Mimi, mama yako, siwezi kuyapima maneno hayo bila kukumbuka aliyeuliza: ni mtoto wake wa kumzaa, aliyekwisha kujenga kanisa zima juu ya jibu hilo.

Mwaka 1892, katika kesi ambayo kanisa la Joseph III lilidai kiwanja cha hekalu huko Independence, Missouri, likijiita mrithi halali wa kanisa la Smith, wazee wa Utah walitoa ushahidi kwamba Smith alioa wake wengi, ingawa kanisa lao lilikwisha kutangaza mwaka 1890 kuziacha ndoa hizo walizokuja kuzithibitisha. Jaji wa kwanza hakuridhika nao, akalipatia ushindi kanisa la Joseph III; mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya kuchelewa kudai, si kwa sababu ya wake.

Kati ya mashahidi hao alikuwamo Emily Partridge, aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa Smith. Aliapa kwamba aliolewa naye mwaka 1843, akiwa na miaka 19, na kwamba ndoa ilirudiwa mbele ya Emma, kwa ridhaa yake. Joseph III alikuwa na miaka 10 wakati huo, akiishi nao nyumba moja.

Mama yako