Wauza baiskeli, tupimieni fremu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza baiskeli wa Nairobi, hasa wanaouza za mitumba na zile mpya za bei nafuu za kupandia milima. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko kando ya Barabara ya Ngong, na nyumbani ni Ngong mjini. Urefu wangu ni sentimita 193. Kwa miaka mingi nimepanda matatu nikiwa nimekunja shingo na magoti yamebana kiti cha mbele, hadi mwaka jana nilipoamua kununua baiskeli.

Nilijua ninachotaka. Ukitoka Ngong kupitia Bulbul hadi Karen, magari hukusukuma nje ya lami kila mara, ukajikuta kwenye kokoto na mashimo. Kwa hivyo nilihitaji tairi nene na foko yenye springi. Springi ya nyuma sikuitaka. Baiskeli ya bei ya chini yenye springi nyuma huwa nzito, na viungo vyake vikishalegea, mwili wote wa baiskeli hucheza kama mlango uliokatika bawaba. Springi mbele tu, fremu ngumu nyuma: hiyo ndiyo mtu wa kipato changu anaweza kuitunza.

Kila duka nililoingia niliuliza kama wana baiskeli ya mtu wa kimo changu, na kila duka nikajibiwa kwa namba ya gurudumu, yaani ukubwa wake kwa inchi. "Chukua 29, ndugu yangu, hiyo ndiyo ya watu warefu." Nikaamini, nikalipa Sh19,000.

Wiki ya kwanza magoti yaliniuma kwa mbele, chini kidogo ya kifuniko cha goti, kwa sababu kiti kilikuwa chini na miguu haikupata nafasi ya kunyooka. Nikakipandisha. Bomba la kiti huwa na alama iliyochongwa, kwamba usilitoe nje kupita hapo. Mimi niliipita kwa vidole vinne. Wiki ya tatu, nikipanda mwinuko wa kuingia Ngong, nilisikia mlio kama mbao inayopasuka. Fremu ilikuwa imefanya ufa pale bomba la juu linapoungana na lile linalobeba kiti.

Niliisukuma hadi kwa mzee mmoja fundi wa baiskeli hapa Ngong. Hakuangalia ufa kwanza. Aliniambia, "Simama hapa kando yangu, kijana wangu." Kichwa chake kilinifika begani. Kisha akaipanda ile baiskeli yangu, akakaa, mguu ukamfika pedali vizuri kabisa. Fremu ilikuwa ya kimo chake, si changu. Gurudumu la 29 lipo kwenye fremu ndogo na lipo kwenye fremu kubwa. Halisemi lolote kuhusu urefu wa anayepanda.

Hapo ndipo niliona aibu, kwani futi ya kupimia haitoki mfukoni mwangu. Siwezi kumtengenezea mtu kiti bila kumpima, na kumbe nilinunua baiskeli bila kuipima. Jioni hiyo nilisimama ukutani bila viatu, nikabana kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, nikapima kutoka sakafuni: sentimita 94. Baadhi ya waendesha baiskeli wa mashindano huzidisha kipimo hicho kwa 0.883 ili kupata umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedali, ile inayopita ndani ya fremu, hadi juu ya kiti. Kwangu ni sentimita 83. Fremu yangu ilikuwa ya inchi 17, yaani sentimita 43 kutoka ekseli hiyo hadi pale bomba la kiti linapoingia. Kiti chenyewe na kishikio chake hula kama 5. Ukitoa hizo zote, zinabaki 35 ambazo bomba lilitakiwa kuonekana nje, na bomba lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 35. Seremala yeyote anajua ulimi wa mbao usioingia tunduni hauwezi kubeba mtu. Mimi nina kilo 98.

Ilinichukua miezi miwili kupata nyingine. Nilizunguka na futi na timazi, na wapo walionitazama kama mwendawazimu. Timazi ni kwa kipimo cha pili, ambacho nakiona muhimu kuliko cha kwanza. Ukiteremsha timazi ikapita katikati ya ekseli ya pedali, pima kwa mlalo kutoka uzi huo hadi katikati ya juu ya bomba fupi la mbele, lile linalobeba usukani. Bomba la kiti unaweza kununua refu zaidi, lakini umbali huo wa mbele umezaliwa na fremu na hautaongezeka. Baiskeli ya kwanza ilikuwa na sentimita 41, ndiyo maana magoti yalikuwa yakigonga usukani kila nikikata kona. Niliyo nayo sasa ina 46. Ni ya mitumba, fremu ya inchi 21, nilinunua kwa Sh26,000. Magurudumu yake ni 27.5. Madogo kuliko yale ya kwanza! Na bado ndiyo baiskeli ya kwanza maishani ambayo nimekaa juu yake mgongo ukatulia. Niliongeza bomba la kiti la sentimita 40. Kwa hesabu ile ile, 25 zinaonekana nje na 15 zimo ndani ya fremu.

Kwa mtu mrefu ambaye pia ni mzito, kuna jambo lingine nimelipata kwa gharama. Ekseli ya nyuma. Kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini, gia za nyuma ni kipande kimoja kinachokazwa kwa nyuzi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na bearingi ya upande huo inabaki ndani, mbali na ncha ya ekseli. Uzito ukizidi, ekseli hupinda. Zenye kaseti inayochomekwa huwa na bearingi karibu na ncha, na huvumilia. Ile ya kwanza ilipinda ekseli kabla hata fremu haijapasuka. Hii ya sasa haijapinda. Foko pia: springi ya chuma ya bei nafuu imewekwa kwa mtu wa uzito wa wastani, na chini ya kilo 98 hugonga mwisho kwenye kila shimo. Ya hewa unaijaza kulingana na uzito wako, ila bei yake ni juu. Mimi bado nina ya chuma na ninaivumilia. Breki za diski za kebo zinatosha, na fundi yeyote anaweza kuzikaza.

Ninachowaomba wauzaji si kitu cha gharama. Mkishapokea mzigo, pimeni kila fremu vipimo hivyo viwili, urefu kutoka ekseli ya pedali hadi pale bomba la kiti linapoingia, na umbali wa mbele, muviandike kwenye karatasi na kuifunga kwenye usukani pamoja na bei. Kwa baiskeli moja ni kazi ya dakika tatu. Mteja wa futi tano atajua, na wa futi sita na nne atajua. Na mteja akiuliza saizi, msimtajie gurudumu peke yake.

Kijana wangu ana miaka 16 na amefika sentimita 186, bado anakua. Desemba tutashuka mjini pamoja kumtafutia yake, nikiwa na futi na timazi. Muuzaji nitakayemkuta na ile karatasi kwenye usukani, huyo ndiye nitakayempa pesa zangu.

Seremala,
Barabara ya Ngong, Nairobi