Shabani, suti ya harusi

Mwanga, Kigoma

Ndugu yangu Shabani,

Salaam nyingi zikufikie huko Tabora, wewe na wazee wote. Sisi hatujambo. Picha za suti tatu nimezipata na nimezitazama kwa makini, maana nataka siku hiyo upendeze kweli.

Ile ya Kiingereza ni nzuri: mabega yamejengwa kwa pedi, kiuno kimebanwa, nyuma ina mipasuo miwili, mtindo uliotoka kwa wapanda farasi. Lakini ni nzito, ina bitana koti zima, na harusi ni huku ziwani, mchana, na wewe jasho haliko mbali. Ile yenye safu mbili za vifungo inataka ifungwe muda wote umesimama. Ukiifungua inapwaya mbele. Siku ya kucheza na mashemeji? Hapana.

Mwambie fundi akushonee ya tatu, ya Kiitaliano. Huo ndio ushonaji wa Napoli, mji wa joto: mabega laini, pedi hakuna au ni kidogo sana, bitana nusu. Kitambaa kiwe sufu nyepesi, rangi ya bluu iliyokoza. Najua sufu inakutisha, ila ile nyepesi hupitisha hewa. Poliesta inang'aa dukani kisha inakupika mwilini.

Sasa nisikilize kwenye mabega, kwani hapo ndipo suti nyingi zinapoharibikia. Siku ya kujaribu, mikono ya koti ikiwa bado imepigwa bandi tu, yaani mishono ya muda, pitisha kidole juu ya bega: mshono unatakiwa ukome pale mfupa unapoishia. Ukining'inia nje ya hapo, mwambie afumue siku hiyo hiyo. Kiuno kinapunguzwa hata baadaye, suruali inakunjwa, lakini bega la koti lililokwisha ni kazi ya kulibomoa lote. Mikono nayo iache shati lichungulie kidogo, kama sentimita moja na nusu.

Baba mkubwa anayetaka uvae suti ya Kaunda usimkatalie. Shona na hiyo, uivae siku ya kwenda kwa wakwe. Haitaki tai, na wazee wa huku wakiiona wanakuheshimu kabla hujafungua mdomo.

Ukipanda treni, koti lining'inize, usilikunje begini. Nijibu kabla fundi hajakata kitambaa.

Wako,
Juma